Mkono Ndani ya Mlango

Ukitaka kumuudhi Jicho, mwambie nyeupe ni nyeupe tu. Atakutazama kana kwamba umemtukania wazazi, kisha atakushika mkono akupeleke mpaka kwenye rafu yake ya makopo, akuonyeshe nyeupe ya maziwa, nyeupe ya jino, nyeupe ya chaki, na ile nyeupe ambayo kiwanda kinaiita nyeupe lakini imelambishwa tone la bluu. Somo likiisha utakuwa umechelewa huko ulikokuwa unakwenda, naye atakuwa amesharudi kazini bila kukuaga.

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti. Mtaani na kazini alikuwa Jicho. Hata mama mkwe wake alimwita hivyo siku sindano ikimwangukia chini ya mkeka.

Rangi alijifunza kwa baba yake mdogo, aliyekuwa na gereji ya mabati kando ya barabara, gereji ambayo mvua ikinyesha magari yalikaa ndani na mafundi nje. Shule ilimkatikia mapema, akaenda pale kuosha makopo. Baba mdogo hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Alimsimamisha msichana kando ya gari lililotoka kunyooshwa, akamwinamisha mpaka shavu likakaribia kugusa bati, akamuuliza, "Unaona nini?"

"Gari, baba mdogo."

"Gari hata mpita njia analiona. Tazama tena."

Alitazama siku nyingi. Halafu asubuhi moja, jua likiwa bado chini, akaona: bati alilodhani limenyooka lilikuwa na mawimbi, kama shuka lililotandikwa na mvivu. Akapitisha kidole juu ya wimbi moja baada ya jingine. Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa.

"Haya, hilo ulishike," akasema. "Watu wanadhani rangi inaficha. Rangi haifichi kitu. Rangi inatangaza."

Alipokuwa mtu mzima, kampuni za bima zilijichangisha zikajenga kituo cha utafiti pembeni mwa mji, jengo refu lenye sakafu safi kuliko meza ya kulia, zikatafuta mafundi wenye mikono. Jicho akajaribiwa, akapata. Miaka ya baadaye, alipokuwa ameshaolewa, mama mkwe naye amehamia kwao, kumweleza bibi huyo kazi yenyewe ndiyo ilikuwa kazi.

"Hebu nieleze taratibu," bibi alimwambia jioni moja akichambua mchele. "Mnachukua gari zima."

"Ndiyo, mama."

"Mnaligonga ukutani."

"Kwa kigari cha chuma, mama. Kwa mwendo uliopimwa."

"Halafu mnalitengeneza."

"Ndiyo."

"Halafu mnaligonga tena."

"Wakati mwingine."

"Na kuna watu wazima, wana akili zao, wanawalipa."

"Kampuni za bima, mama."

Bibi akaliweka chini sinia. "Huyu mwanangu alipokuwa mdogo alivunja redio ya baba yake, akaiunga, akaivunja tena. Nikamchapa. Kumbe nilikuwa nachapa mtafiti!"

Lakini kazi ilikuwa na maana yake. Kampuni za bima ndizo zinazolipia magari yakigongana, na zilikuwa zimechoka kulipia gizani. Mlango umebonyea: fundi huyu anasema utupwe ununuliwe mwingine, yule anaunyoosha kwa nyundo, wa tatu anaushindilia puti na kuupaka rangi mwenye gari asijue. Upi utadumu? Upi utamkinga mtu akigongwa mara ya pili? Kituo kilikuwa kinatafuta majibu hayo, na yakipatikana yanapelekwa kwenye gereji, mpaka zile za mabati.

Na yule mvunja redio ndiye aliyekuwa mume wa Jicho. Alikuwa mnyoosha bodi, na kituoni walimwita Taratibu. Mlango ambao wenzake waliumaliza kabla ya chai, yeye chai ilimkuta bado anaupapasa kwa kiganja kama mtu anayebembeleza mtoto. Na maneno yake yalikwenda kwa mwendo wa nyundo yake. Ukimwambia habari za asubuhi, nzuri yake unaipata mchana.

Walianza kwa ugomvi. Mlango ukishanyooshwa, ukingo wake wa chini kwa ndani hupakwa gundi ya mshono ili maji yasipenye yakaleta kutu. Mafundi wengi hutumia brashi. Taratibu alitumia kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akakivua glavu makusudi, akidai brashi haina hisia. Tabu ni kwamba akifika kwenye kona aliacha kidonge cha gundi, na kidonge kile kilikusanya rangi ya Jicho ikachuruzika.

"Wewe fundi," Jicho alimfuata siku moja na bunduki ya rangi mkononi, "mbona unanitemea mate kwenye kazi yangu?"

Taratibu akautazama mlango, akamtazama yeye. "Kona ni ngumu."

"Kona si ngumu. Ukifika hapo inua kidole, ukizungushe kidogo, kama mtoto anayeiba kulamba sufuria."

Hakujibu. Kesho yake, Jicho akiwa ameshasahau, sauti ikamjia nyuma ya mgongo: "Sufuria ya nini?"

Akacheka mpaka akalazimika kuvua barakoa. Tangu siku hiyo kila kona ya Taratibu iliishia na kipindo kidogo kama mkia wa kifaranga, na rangi haikuchuruzika tena. Mwezi ule ule bati lilimchana ncha ya kidole kile kile, na ni Jicho aliyemfunga kitambaa, akimgombeza kwa sababu ya glavu. Jeraha lilipona likaacha kovu lililopasua ncha katikati, na kuanzia hapo gundi ya Taratibu ikawa na kijistari chembamba kilichoinuka, kama unywele ulionaswa. Walipooana, mwenzao mmoja aliyenyoosha bodi meza ya pili, mtu wa majigambo waliyemwita Mbwembwe, alisimama mbele ya wageni akasema, "Wenzetu huunganishwa na washenga. Hawa wameunganishwa na gundi, na mimi ni shahidi, nilikuwa naivuta harufu."

Sasa, vituo kama kile vipo nchi nyingi, vyote kwa fedha za bima. Zamani kila kimoja kilijifungia. Gari la aina moja liligongwa nchi hii, likagongwa ile, likagongwa hata nchi ya tatu, kwa namna ile ile, na majibu yakalala makabatini. Wakubwa wa vituo wakakutana wakaona huu ni upuuzi wa majirani wanaochimba visima vitatu kwenye uwanja mmoja. Wakakubaliana: wewe gonga mbele, mimi nitagonga ubavu, mwenzetu agonge nyuma, halafu tupeane. Wakapeana majibu, wakapeana mitambo, mwishowe wakapeana na watu. Kituo kimoja cha ng'ambo kikaomba fundi mwenye mkono wa subira. Hapakuwa na haja ya kupiga kura.

"Mwaka mmoja," Taratibu aliwaambia nyumbani, begi liko mlangoni. Binti yao alikuwa na pengo la meno ya mbele, akamuuliza kama kule kuna magari ya kutosha kugonga. Bibi akamwambia, "Nenda, baba. Ila huko usivunje redio za watu."

Mwaka ukazaa mwaka, na huo ukazaa mwingine. Meno ya binti yaliota yote, na maneno ya kujibu watu yakaota pamoja nayo. Jicho aliendelea kulala upande wake wa kitanda, ukutani, huku nafasi imebaki upande wa nje kama kiti cha mtu aliyeinuka kidogo kunywa maji. Kazini ilikuwa mbaya zaidi. Nyundo ya Taratibu ilikuwa na mdundo wake, mbili nyepesi halafu kimya, mbili nyepesi halafu kimya, kile kimya kikiwa ni kiganja chake kinapapasa. Nyundo ya Mbwembwe iligonga kama mtu aliyebanwa na haja nje ya choo chenye mtu. Jicho, ndani ya chumba cha rangi, feni zikinguruma, alijikuta amesimama na bunduki hewani akisubiri kimya ambacho hakiji.

Jumapili Taratibu alipiga simu. Mtandao ulichelewa, naye alichelewa, na kuchelewa kwa hivi viwili kukajumlishwa. Jicho alizoea kuuliza kitu, akaenda kuinjika chai, akarudi kupokea jibu.

Jumapili moja alimweleza jambo kamili, na Jicho akakaa kitako kulisikiliza. Vituo vilikuwa vinatafuta njia moja ya kutengeneza mlango uliobonyea, ifuatwe na wote. Kila kituo kina njia yake. Kwa hiyo kila kimoja kitabonyeza milango ya aina moja, kitaitengeneza kwa njia yake, na kumtumia kila mwenzake mlango mmoja wa kuupima. Milango itapita kwanza kwa watu wa nje, ambao watabandika namba tu, pasiwe na anayejua umetoka wapi. Njia itakayoshinda, kituo chake ndicho kitafundisha mafundi wa nchi zote.

"Na huko ni wewe unayefanya hiyo milango," Jicho akasema.

Kimya. Kisha: "Ni mimi."

"Mkishinda?"

Kimya kirefu zaidi. "Watanibakiza nifundishe. Miaka mitatu mingine. Tusiposhinda, mwisho wa mwaka narudi."

Bibi, aliyekuwa anasikiliza waziwazi bila hata kujifanya anafanya kitu kingine, akasogea. "Hiyo milango itakuja na kwenu?"

"Mmoja kutoka kila kituo, mama. Lakini hatutajua upi ni wa nani."

"Ukikutana na wa mwanangu usalimie."

"Mama, nimekwambia hatutajua."

"Wewe usalimie tu," bibi akasema.

Makasha yalifika msimu wa mvua, yakafunguliwa kwa nyundo na vicheko. Milango yote ilikuwa ya kijivu, imepakwa praima, ile rangi ya msingi, kila mmoja na namba yake nyeupe. Kanuni ilisomwa mbele ya mafundi na mkuu wa kituo, mhandisi mpole aliyependa kusema "wenzangu": Mbwembwe atapima bati kwa vyombo, Jicho ataipaka milango rangi nyeusi, ambayo haina huruma, kisha ataitazama chini ya taa ya mlazo, inayomulika kutoka ubavuni. Wimbi likionekana kwa mtu aliyesimama wima, hatua moja kutoka kwenye mlango, linahesabiwa. Likionekana tu kwa kupiga magoti na kulaza shavu, halihesabiwi, maana hakuna mnunuzi anayepigia gari magoti.

"Na mtu akitambua kazi ya mtu anayemjua," mkuu akamalizia, "aseme, ajitoe."

Jicho aliigeuza milango mmoja mmoja kuifuta vumbi. Mlango wa nne aliulaza juu ya vigoda, akaingiza kitambaa kwenye ukingo wa chini kwa ndani, na kidole chake kikaanguka kwenye mfereji.

Alijua kabla hajainama kutazama. Mfereji wa gundi ulikuwa mpana kuliko kidole chake, kikacheza ndani yake kama mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba. Katikati kulikuwa na kijistari, kimeinuka, chembamba kama unywele. Akakifuata polepole mpaka kwenye kona, na pale kona kidole chake kikainuliwa, kikazungushwa.

Mkia wa kifaranga.

Alikaa pale kitambaa mkononi. Miaka ile yote alikuwa amepata sauti yake kwenye simu, na picha yake amesimama kwenye theluji kama mtu aliyepotea njia. Mkono wake hakuwa ameupata. Sasa ulikuwa hapa, ndani ya mlango wa gari, umemshika kidole.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema, na hakusema. Alijidanganya kwamba hana hakika. Akaufuta mlango, akaupeleka chumba cha rangi pamoja na mingine, akaupaka nyeusi. Siku mbili zilizofuata alifika kazini kabla ya wote. Binti yake alimuuliza kama kuna gari jipya. "Kuna mlango," akajibu.

Siku ya taa, mkuu aliwaambia wakati wa chai kwamba vituo vyote vingine vimeshatoa alama zao, na njia mbili zimefungana kileleni, mojawapo ya kituo cha Taratibu. "Wanatusubiri sisi, wenzangu. Alama zetu ndizo zitakazokata."

Jicho akaacha chai yake nusu.

Milango mingine ilimalizika upesi. Mmoja ulikuwa na wimbi ambalo hata mpishi angeliona. Mmoja ulikuwa safi isipokuwa mstari pale bati jipya lilipounganishwa na la zamani. Ilipofika zamu ya ule wa nne, Jicho alisimama wima, hatua moja, kama kanuni inavyotaka. Weusi ulikuwa umetulia kama maji ya mtungi. Mwanga wa taa ulipita juu yake kutoka bawaba mpaka kitasa bila kujikwaa.

Basi, ingetosha. Lakini alipiga magoti. Alilaza shavu, akatazama chini ya kishikizo, mahali ambapo bati limekunjwa na ambapo Taratibu siku zote alihangaika, akarudi na kurudi tena. Na pale palikuwa na wimbi. Dogo mno, pumzi tu ya wimbi. Hapana mtu mwingine ulimwenguni ambaye angelitafuta hapo.

Akasimama. Halikuonekana. Akapiga magoti. Likaonekana.

"Shemeji." Mbwembwe alikuwa nyuma yake, amejifuta mikono, na kwa mara moja hakuwa na majigambo usoni. "Huo ni wa Taratibu, siyo?"

"Nani kakwambia?"

"Mapenzi ni kikohozi, shemeji, hayafichiki. Tangu jana kutwa unauzunguka kama kuku aliyepoteza yai." Akashusha sauti. "Umeona kitu hapo chini?"

"Nikipiga magoti."

"Sema umesimama. Mimi nitasema nimeliona pia. Wewe ndiye Jicho, nani atakubishia? Mwisho wa mwaka mtu wako yuko hapa ananichelewesha chai."

Jicho hakukasirika. Alilisikia neno lile likimwingia mwilini kama maji ya moto siku ya baridi, akaliacha likae. Alimwona Taratibu akishuka na begi lile lile. Alimwona bibi akimpapasa uso. Alimwona binti akisimama pembeni, anamwonea haya baba yake, halafu hamwonei tena. Yote hayo yalihitaji neno moja tu: linaonekana.

"Hakuna atakayejua," Mbwembwe akasema.

"Taratibu atajua."

"Atajuaje, yuko huko!"

"Anaujua mlango wake. Atarudi nyumbani akiamini mkono wake umeharibika. Ataanza kujishuku kila akishika nyundo. Na mimi nilale pembeni yake kila siku nikijua haukuharibika?" Akakunja kitambaa. "Hapana, shemeji. Huyo utakayekuwa umenirudishia siye aliyeondoka."

Mbwembwe akakuna kichwa. "Ndiyo maana mimi sikuoa fundi," akasema.

Jicho akaenda ofisini kwa mkuu, akasimama. "Mkuu, mlango wa nne naujua mkono wake. Ni wa mume wangu. Nilitakiwa kusema nilipoufungua, sikusema."

Mkuu akamwambia akae. Hakumgombeza, ila alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Mlango ulikuwa umeshapakwa rangi, hauwezi kutumwa kwingine. "Hili si langu peke yangu," akasema mwishowe. "Ni la wote. Tuwaulize."

Alasiri ile nyuso za wakubwa wa vituo zilijitokeza kwenye skrini ya ukuta wa chumba cha mikutano, kila mmoja na mwanga wa nchi yake: huyu kwake asubuhi, yule kwake taa zimewashwa. Jicho alikalishwa kwenye kiti chenye magurudumu, akalazimika kushika meza ili kisimkimbie. Mkuu aliwaeleza kwa lugha yao, kisha akawa anamgeuzia Jicho yanayosemwa.

Mzee mmoja mnene alicheka. "Anasema, kama mke ndiye anayempa mumewe alama, hata yeye angepata nzuri," mkuu akafasiri.

"Mwambie sivyo," Jicho akasema. "Mwambie nikimpa alama nzuri, harudi."

Mkuu alimtazama kwanza, kisha akasema. Kicheko kule kikazimika kama kibatari. Halafu mama mmoja aliyejifunga skafu nzito, mkuu wa kituo kile kile alichokuwepo Taratibu, akavuta kiti karibu. Alisema kwamba yeye hapaswi kutoa neno, kwani kituo ni chake. Mwingine ndiye aliyesema, kijana mwenye sauti kavu, na wote wakaitikia kwa vichwa.

Mkuu akafasiri polepole. "Wanasema hivi. Ukisema mlango ni mbaya, hawatakuamini, wataomba mwingine upimwe kwingine. Ukisema ni mzuri, watakuamini wewe kuliko vyombo vyao vyote, kwa sababu hakuna aliye na haja ya kuukataa kukuzidi. Wanataka kusikia ulichoona ukiwa umesimama."

Jicho akaachia meza. Kiti kikasogea kidogo nyuma, akakiacha.

"Nikiwa nimesimama," akasema, "sikuona kitu. Ni mlango msafi."

Yule mama wa skafu akaweka kiganja kifuani, akakibakiza hapo mpaka skrini ikazimwa.

Milango ilikatwa wiki ile ile, kama ilivyopangwa, ili bati lipimwe na kwa ndani, vipande vikawekewa namba na kupangwa kwenye rafu za ghala. Msumeno wa mlango wa nne aliushika Mbwembwe, na siku hiyo alifanya kazi taratibu mpaka watu wakamuuliza kama anaumwa.

Jumapili simu ililia. Binti aliongea kwanza, habari za shule na jirani aliyenunua mbwa mwoga. Bibi akaongea, akauliza kama huko wanakula, akajibiwa, akauliza tena. Kisha Jicho akaichukua, akaenda kukaa chumbani, upande wa nje wa kitanda.

"Wameniambia uliongea na wakubwa wote," Taratibu akasema.

"Niliongea. Kiti kilikuwa kinanikimbia."

"Uliujuaje?"

"Mkia wa kifaranga."

Alisikia pumzi, inaweza kuwa kicheko. Ndipo kile alichokibeba wiki nzima kikamtoka, kwa sauti ya chini ili bibi asisikie. "Kwa nini uliufanya mzuri hivyo? Si ungeacha kitu? Kidogo tu, jicho lolote lingekiona. Ungekuwa unafunga begi sasa hivi."

Kimya. Jicho alikizoea kimya cha mtandao na kimya cha mume wake, na safari hii alijua ni kipi. Hakwenda kuinjika chai. Alisubiri. Nje mtu alipita akiburuta kitu chenye magurudumu, sauti ikaja, ikaondoka yote.

"Namba walibandika watu wa nje," Taratibu akasema. "Sikujua upi utakuja kwako."

"Najua hukujua."

"Basi nikaifanya yote kama inakuja kwako."

Jicho akaweka simu kifuani, akairudisha sikioni. Alimwambia avae glavu. Akasema atavaa.

Alipotoka, bibi alikuwa amekaa pale pale, uzi na sindano mapajani, shati la zamani la mwanawe linalotiwa kifungo. Hakuuliza miaka mingapi. Alikuwa ameshaihesabu usoni mwa mkwewe.

"Ule mlango," bibi akasema, "uliusalimia kama nilivyokwambia?"

"Niliusalimia, mama."

"Ukaitika?"

Jicho akaichukua sindano mkononi mwa bibi, akaipitisha uzi mara moja tu, bila kuisogeza kwenye taa, akamrudishia.

"Umeitika leo," akasema.